Kona ya Mwalimu: Mashine ya oksijeni ingoje kwanza

Mwezi huu nilipanga kuandika juu ya mitihani ya darasa la saba, lakini kuna barua iliyonifikia kupitia kwa watoto wa shule, nayo siwezi kuiweka kando. Nitaifupisha. Jina nalificha kwa sababu mwenyewe ameomba hivyo.

Aliyeandika ni dada wa miaka 24, mkazi wa hapa Kiryandongo. Familia yao ilitoka Kenya mwaka 2008, wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi, wakapitia Mulanda kule Tororo kama wengi wenu. Yeye aliletwa huku na shangazi yake, mama akabaki Mbale kwa jamaa. Kaka yake anafanya kibarua Jinja, anakaa Walukuba. Mama amepika kwa kuni maisha yake yote, na zamani aliwahi kuugua kifua kikuu, akatibiwa, akapona. Sasa akipanda ngazi tano anasimama kutafuta pumzi. Kuchota maji hawezi tena. Hospitali wamemwambia mapafu yameharibika, ni ugonjwa sugu wa kukaa nao. Dada na kaka wameweka akiba kwa miaka 3, wamefikisha shilingi 1,600,000. Wanataka kuanzisha biashara ya kijamii, yaani biashara ambayo faida yake inasaidia watu: wanunue mashine ya oksijeni, waikodishe kwa wagonjwa wa mapafu Jinja na Mbale, halafu faida inunue mashine ya pili. "Mwalimu, tuanze vipi?"

Dada yangu, wazo lako nimelipenda, na pesa mliyoiweka ni jasho. Ndiyo maana nimechukua wiki tatu kusoma na kuwauliza wahudumu wa afya kabla ya kujibu. Mimi si daktari, ni mwalimu wa kujitolea tu. Lakini hesabu najua, na hesabu ya mashine hiyo haikubali.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi hapa kambini bado wanauchanganya na TB. Ndani ya mapafu kuna mirija, kama matawi ya mti. Mtu akivuta moshi miaka mingi, uwe wa sigara au wa kuni, mirija inavimba, inakuwa myembamba, na vifuko vya hewa mwishoni vinaharibika. Hewa inaingia lakini kutoka inakuwa kazi. TB nayo hata ikipona inaweza kuacha makovu. Ugonjwa huu wa mirija hauambukizi. Mama akikohoa bakuli moja na wajukuu, hakuna anayeupata. Ila mtu yeyote mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe makohozi kwanza, hata kama aliwahi kupona TB, kwa sababu TB inaweza kurudi na hiyo ndiyo inaambukiza.

Na msidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Mwaka 2012 watafiti walikwenda Masindi, majirani zetu hapa, wakawapulizisha watu kwenye kipimo cha pumzi kinachoitwa spairomita. Walipima watu 588 wenye umri wa zaidi ya miaka 30, wakakuta 95 wana ugonjwa huu. Hiyo ni karibu mtu 1 kwa kila 6. Katika hao 95, watu 37 walikuwa na miaka 30 hadi 39 tu. Wanawake walikuwa 51, wanaume 44. Na karibu watu wote waliopimwa waliishi na moshi wa kuni au mkaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Basi dada, wateja wa huduma yenu wapo, tena wengi. Swali ni kama wana pesa.

Hapo ndipo mashine inapokwama. Mashine ya oksijeni inavuta hewa ya kawaida ya chumbani, inaipitisha kwenye punje maalum zinazokamata naitrojeni, kinachobaki karibu chote ni oksijeni. Inataka umeme saa zote inapofanya kazi. Umeme ukikatika, imekuwa meza. Inataka pia kusafishwa vichujio, na fundi anayeijua. Bei yake mpya ni mamilioni, na akiba yenu inaweza isitoshe hata moja. Tuseme mmeipata ya mitumba kwa hiyo 1,600,000. Mgonjwa wa hatua hiyo anahitaji oksijeni saa nyingi kila siku, si nusu saa ya kukodi kama baiskeli. Kwa hiyo mashine moja ni mgonjwa mmoja. Na huyo mmoja ni mtu ambaye hawezi kulima, hawezi kubeba mzigo, hawezi kusimama sokoni. Atalipa na nini? Miezi miwili atalipa kwa michango ya ndugu, mwezi wa tatu mtakuja kuchukua mashine yenu kitandani kwake. Nani kati yenu atakayekwenda kuichukua? Ninyi mnataka kumsaidia mtu kama mama, na biashara itawafanya mmdai mtu kama mama.

Tena si kila anayehema anahitaji oksijeni. Wengi wenye ugonjwa huu damu yao bado ina oksijeni ya kutosha. Kinachowachosha ni mirija kubana na misuli kulegea. Anayejua ni mhudumu mwenye kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni. Kumpa mtu oksijeni bila kipimo na bila daktari kunaweza hata kumdhuru. Halafu oksijeni na moto haviketi pamoja. Nyumba zetu za chumba kimoja, sigiri iko mlangoni, mshumaa uko dirishani... jamani.

Sisemi oksijeni si kitu. Imeokoa wengi, na Jinja mnayoitaja ina historia nayo. Hospitali ya Rufaa ya Jinja ni kati ya mahali pa kwanza palipojaribiwa oksijeni ya nguvu ya jua: paneli juu ya paa zinachaji betri, betri zinaendesha mashine usiku kucha. Matokeo ya kuilinganisha na mitungi, Jinja na Kambuga, yalitolewa mwaka 2018, na watoto waliotumia ya jua hawakuwa na hali mbaya kuliko wa mitungi. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya vituo 20 vya Uganda, vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni vilipungua sana. Mbarara nako, kwenye hospitali ya rufaa, watu wa FREO2 kutoka Australia walijaribu namna ya kuihifadhi oksijeni wakati umeme upo ili itumike ukikatika. Lakini angalieni: vyote hivyo viko hospitalini, kwa wagonjwa wa ghafla, na anayelipa ni serikali au wafadhili. Hakuna aliyemkodishia mama mashine nyumbani.

Sasa niwape mfano wa biashara iliyosimama, tena jina lake ni la Kiswahili. Kule Siaya, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Busia, daktari Bernard Olayo alianzisha mwaka 2014 kampuni inayoitwa Hewatele. Hewa tele, ndiyo hivyo hivyo. Hospitali za mbali na Nairobi zilikuwa zinangoja mitungi kutoka mbali kwa bei kali, na mgonjwa hangoji. Wao wakaweka mtambo wa kutengeneza oksijeni kwenye hospitali ya Siaya, wakawa wanapeleka mitungi iliyojaa na kurudi na mitupu, kama mtu wa maziwa na chupa zake. Anayenunua ni hospitali. Mgonjwa anapata pumzi, hospitali inalipa hesabu. Nikisoma habari hii nilijiambia, hawa walijua kutenganisha watu wawili: anayesaidiwa na anayelipa. Ukiwachanganya, biashara ya kijamii inakufa au inakuwa ya ukatili.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza, wewe na kaka, si kutafuta mashine. Ni kutafuta nani atalipa.

Mimi ningeangalia moshi wenyewe. Jinja kuna wauza chapati na mayai kila kona, kuna mama lishe, kuna wakaanga samaki na wakausha samaki kule Masese ziwani. Hawa wanachoma mkaa kila siku, na bei ya mkaa mnaijua. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, lenye ganda la bati, linapunguza mkaa, na mwenye biashara anahesabu faida yake mwenyewe kwa wiki. Huyo ana pesa ya kununua na sababu ya kununua. Kuzunguka Mbale kuna maganda ya mpunga na ya kahawa ambayo watu wengine wanayageuza kuwa makaa ya kubana. Kaka yuko Jinja, ajifunze kwanza kwa fundi wa majiko, hata miezi miwili ya kumshikia nyundo. Akiba msiiguse yote. Toeni 500,000 ya bati, udongo na usafiri, nyingine ikae.

Hesabu ya darasani, ni mfano tu, msije mkaniambia mwalimu alisema. Tuseme kila jiko linawaachia 4,000 baada ya gharama zote, na kwa mwezi mnauza 40. Hiyo ni 160,000. Nusu irudi kwenye biashara. Nusu nyingine, 80,000, iingie kwenye mfuko wa wagonjwa. Kama nauli ya boda kwenda na kurudi hospitali ni 10,000, mmewapeleka wagonjwa 8 kliniki. Ni ndogo? Muulizeni mgonjwa aliyekosa kliniki mara tatu kwa sababu ya nauli.

Onyo moja hapa, na nalitia mkazo. Msiuze jiko kama dawa. Kule Malawi walifanya utafiti mkubwa, watoto 10,750, wakawapa nyumba nyingine majiko ya moshi kidogo na nyingine wakaendelea na mafiga, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha nimonia ya watoto haikupungua. Moshi ulikuwa bado upo pande zote: wa jirani, wa takataka, wa taa. Jiko zuri linaokoa pesa na macho, na kupikia nje kunasaidia. Mwambieni mteja hayo na msizidishe. Mkimwambia mama wa watu kikohozi kitaisha, na hakikuisha, mmepoteza jina mtaa mzima.

Kuna watu karibu na Jinja ambao wangewafaa kama somo, Soft Power Health, kliniki iliyoanzishwa na daktari wa Marekani, Jessie Stone, ambaye alikuja kwa ajili ya mchezo wa mitumbwi kwenye mto Nile. Walianza na malaria. Walikuwa wanakwenda kijijini, wanafundisha kwanza, halafu wanauza chandarua kwa bei ndogo kuliko ya duka. Mbona wasigawe bure? Kwa sababu kitu ulichokinunua, hata kwa kidogo, unakitundika. Mimi sikubaliani nao kwa kila mtu, maana mwenye njaa huwezi kumuuzia hata kwa kidogo, lakini kule kufundisha kabla ya kuuza ni jambo la kuiga.

Sasa huduma yenyewe kwa wagonjwa. Hapa ndipo nina furaha, kwa sababu kitu chenye nguvu kuliko vyote karibu hakina bei. Ni mazoezi. Mtu akishiba pumzi kidogo anakaa, akikaa misuli inalegea, ikilegea anahema zaidi, basi anakaa zaidi. Ni shimo. Pale Mulago, Kampala, watafiti wa Makerere na wenzao waliwachukua watu 34 ambao mapafu yao yaliharibiwa na TB, wakawafanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6: kutembea, kunyanyua vitu vyepesi, na mafundisho juu ya ugonjwa wao. Waliofika mwisho ni 29. Kabla ya hapo, kwenye kipimo cha kutembea kwa mwendo unaoongezeka, walikuwa wanafika wastani wa mita 299. Baada ya wiki 6, mita 377. Wiki 6 nyingine baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Mapafu hayakuota upya. Miguu, moyo na ujasiri ndivyo vilivyobadilika. Mita 78, dada, kwa mama yako inaweza kuwa ndiyo umbali wa bombani.

Hili mnaweza kulianza Mbale na watu 5 au 6, mradi mhudumu wa afya awapime kwanza na aseme nani anaruhusiwa. Kiwanja tambarare, si njia ya kupanda Wanale! Kiti kimoja kwa kila mtu. Chupa mbili za maji badala ya vyuma. Kutembea mpaka upungukiwe pumzi lakini bado uweze kusema sentensi fupi, kupumzika, kutembea tena. Anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kuwa ya bluu, au kukohoa damu, anasimama na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na wafundishwe kupumua: vuta kwa pua, toa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama unapoza chai, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Ukizidiwa, keti, inama mbele, mikono juu ya magoti. Msikae hewani mkifikiri hili ni jambo dogo. Mtu asiyejua hivi akikosa pumzi usiku anapaniki, na kupaniki kunammaliza kuliko ugonjwa.

La pili ni chupa. Wagonjwa wengi wakiandikiwa inhela wanajipulizia mdomoni na dawa yote inabaki kwenye ulimi. Huko Afrika Kusini, Profesa Heather Zar na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto wenye pumu chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi ya kile kifaa cha dukani. Unatoboa tundu kwenye kitako cha chupa, saizi kamili ya mdomo wa inhela, unaziba pembeni kwa gundi au plasta hewa isitoke. Inhela inaingia kitakoni, mgonjwa anashika mdomo wa chupa kwa midomo yake. Tikisa, bonyeza mara moja, vuta taratibu, pumua humo mara nne au tano. Chupa ioshwe kwa sabuni, ikauke yenyewe bila kufutwa. Dawa ile ile, chupa ya takataka, na inafika mapafuni. Kikundi chenu kinaweza kutengeneza kila Jumamosi, lakini mwonyesheni mhudumu wa kliniki kabla ya kuwapa watu.

Dawa zenyewe msiuze kabisa. Kuuza dawa Uganda kunataka leseni ya mamlaka ya dawa, NDA, na faini yake itameza akiba yote. Nendeni na mgonjwa kliniki, apewe huko. Kuhusu nyinyi kufanya biashara, hilo halina shida: sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Kikundi mtaandikisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa sehemu mnayofanyia kazi, mkiwa na katiba fupi, majina ya viongozi na kumbukumbu za mkutano. Wekeni wenyeji ndani ya kikundi, si wakimbizi watupu. Kule Jinja watu wanaongea Lusoga, Mbale ni Lugisu. Kiswahili kitakufikisha Walukuba na stendi, lakini mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa lugha ya mama yake.

Na tafadhali chagueni mji mmoja. Kutoka Jinja mpaka Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi ni karibu kilomita 140. Kwenye karatasi ni miji miwili, kwenye mfuko ni biashara mbili, wahasibu wawili, na nauli ya kila wiki inayokula majiko kumi. Ushauri wangu: majiko yatengenezwe na kuuzwa Jinja alipo kaka, na pesa ya mfuko itumwe Mbale kwa simu kwa kikundi kimoja tu cha mazoezi, alipo mama. Daftari liwe moja na wewe ulishike huku, maana wewe hauuzi wala huumwi. Mwaka ukiisha, mtaona kama kuna kikundi cha pili.

Kabla ya yote hayo, mama apimwe tena makohozi, na muulize hospitali mambo mawili: kipimo cha kidole kinasoma ngapi akiwa amekaa, na ngapi baada ya kutembea. Kama ni chini sana, basi habari ya oksijeni ni ya daktari, na akiba yenu 1,100,000 iliyobaki itakuwa na kazi. Niandikie majibu.

Wengine wenye mgonjwa wa kifua nyumbani, mwachieni jina mhudumu wa afya wa kijiji, VHT wa bloku yenu, kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeongea nao wawili, wamekubali tukusanye orodha na kuipeleka kituo cha afya ili tuombe siku moja ya vipimo. Na mkiwa na chupa safi za mililita 500, leteni shuleni Jumatano baada ya saa kumi.